Udi Niliouchoma Melini

Nakumbuka Idi moja iliyonikuta chini ya bahari, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia mikono inatafuta pa kushika. Usicheke. Chini ya bahari kweli! Meli ya watalii hiyo, wageni wanalala juu huko kwenye madirisha na vibaraza. Sisi wafanyakazi tulipangwa chini kabisa, maji yanagonga ukuta ubavuni mwa kichwa chako. Chumba hakina dirisha. Vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na pazia lake, na ukitaka kuvaa sketi sharti mwenzio apande kitandani kwanza.

Mie ni wa hapa hapa Pande, nimeishia darasa la nne. Nilifika Mombasa kusafisha vyumba vya hoteli, ndiko nikachukuliwa melini. Nyumbani wakaona picha yangu nimesimama na sare nyeupe, wakasema Somoe kaukata! Picha haionyeshi miguu ilivyovimba. Vyumba kumi na sita asubuhi, hivyo hivyo kumi na sita tena jioni, Ijumaa hakuna, Jumapili hakuna, na huo ulikuwa mwezi wangu wa tisa kazini. Tena ukimaliza kutandika unakunja taulo umbo la bata au tembo, unamwekea mgeni kitandani afurahi. Kwa tembo nilikuwa hodari mie, we acha tu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa Atieno, Mkenya wa Kisumu, kanizidi umri kidogo. Usiku anahudumu baa, mchana analala. Mcheshi huyo, mdomo hauna breki! Ila sigara ilimshinda. Walishamkamata mara moja anavuta chooni, wakamwandikia onyo: ya pili, anashuka na begi lake. Maana melini moto wanauogopa kuliko hata maji. Siku ya kwanza tu tulifundishwa, usiwashe kitu chumbani, hata mshumaa, hata pasi. Nilisikia vizuri kabisa.

Basi Idi ikafika, kazi kama kawaida. Mapumziko ya mchana nikashuka chumbani, kunanuka sare mbichi na viatu, roho ikaniuma. Mama alinifungia udi kwenye kitambaa, na vile vidonge vya makaa vya dukani. Nikasema kidogo tu, na mimi ninukie kama watu wanavyonukia Pande leo. Nikauwasha kwenye kisahani, nikajifukiza nywele, kisha nikakisukuma kisahani chini ya kitanda, nikaenda kuoga bafu la mwisho wa korido. Atieno anakoroma kitanda cha chini, pazia lake linaning'inia mpaka sakafuni.

Nina sabuni mwilini, king'ora kikalia.

Nilitoka na kanga tu. Korido imejaa moshi na watu wa kuzima moto, mitungi ya hewa mgongoni. Pazia la Atieno limeungua nusu. Yeye wamemtoa kwa kumkokota, anakohoa mpaka anainama. Mzima, alhamdulillahi, mzima!

Mkubwa wa usalama, Mzungu mmoja, akanusa, akakata shauri papo hapo: huyu kavuta sigara, kisha kachoma ubani kuficha harufu.

"Nilikuwa nimelala!" Atieno analia. "Jamani, nilikuwa nimelala mimi!" Akaniona. "Somoe, si uliniacha nimelala? Waambie!"

Wakanigeukia wote. Nikasema, "Sijui. Mimi nilikuwa bafuni."

Na kweli nilikuwa bafuni. Unauona uongo wa namna hiyo, mwanangu, unavyovaa nguo za kweli?

Ilikuwa saa saba. Meli inafunga bandarini saa kumi, na Atieno ashuke hapo. Nikavaa sare nikapanda kazini. Natandika, nafuta vioo. Najiambia nikimaliza chumba hiki nitasema. Nakimaliza, naingia kingine.

Mara akaja Bi Zena na mashuka, mama wa Tanga, mtu mzima, kazi yake kufua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Zena." Hakuitika. Aliinama akaninusa nywele.

"Udi huu umeupata wapi?"

"Mafuta tu haya, Bi Zena."

"Mafuta! Umemdanganya Mzungu, sasa unanidanganya na mimi niliyelelewa ndani ya moshi wake?"

Mikono yenyewe inaendelea kukunja taulo.

"Mwenzio yuko chini anafunga begi," akasema, sauti ya chini chini, hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nusura umchome usingizini. Na wewe umekaa hapa unamkunjia mgeni tembo. Haya, malizia! Mtie na mkonga."

Nililitupa lile taulo. Lifti ya wafanyakazi imejaa mizigo, nikashuka ngazi mbio, ghorofa nne, nasikia injini inapunguza kasi. Saa tisa na nusu. Atieno kasimama mlangoni mwa chumba chetu na begi, mkubwa wa usalama kashika pasipoti yake. Kiingereza changu kilikuwa cha sabuni na taulo, basi nikajipiga kifua, nikamwonyesha kitambaa cha udi, nikalia. Akaelewa.

Pasipoti ya Atieno ikarudi, ikatolewa yangu. Nikapewa nusu saa.

Nilitegemea atanikumbatia. Mjinga mie! Alikaa kwenye kitanda chake kinachonuka moshi, ananitazama ninavyokunja nguo.

"Moto ningekusamehe," akasema. "Ulikumbuka kwenu, mtu hukumbuka kwao. Lakini masaa mawili na nusu, Somoe? Na nilikutazama machoni."

Akajilaza akageukia ukutani, maana usiku ana zamu. Ndivyo nilivyomwacha.

Kama ningesema mapema wangenibakisha? Sijui. Huenda wangenishusha vile vile. Lakini ningeshuka na rafiki.

Nawaona mnavyokimbilia gatini pale mjini Masoko meli za watalii zikija, mnataka kazi. Nendeni, siwazuii. Ila mwanangu, ukiharibu, sema wewe, papo hapo, kabla hajaulizwa mwingine. Usingoje umalize kazi kwanza, maana kazi ya kule haiishi. Na huyo anayelala chini ya kitanda chako ndiye ndugu yako wa huko. Roho yake kaiweka mkononi mwako, akafumba macho.

Mungu akupe nguvu za kusimama, akupe mwenza wa chumba mwenye moyo, na wewe akufanye hivyo hivyo kwake. Akurudishe nyumbani ukiwa mzima, unayeweza kumtazama kila mtu usoni. Haya, itikia amina.