Siku Niliyopimwa Kifaa cha Mguu

Juzi, stendi ya Sirari, nilimwona mtoto amevaa kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo cha mguu, nikakumbuka mchana niliopimwa changu utotoni. Fundi wa hospitali aliuzungushia mguu wangu uliolegea bandeji za plasta zenye harufu ya chokaa mbichi. Zilikuwa baridi, kisha zikapata joto. Zilipokauka akashika mkasi. Nikaamini anataka kuukata mguu wangu.

"Mama, mwambie asiukate, nitatembea vizuri!" nililia.

Mama akavua kiatu, akauweka mguu wake kando ya wangu. "Daktari, kata huu."

Fundi akatabasamu. "Mama, nakata plasta tu. Ndiyo kipimo cha kifaa chake."

Mguu wangu ukatoka mzima, umejaa unga mweupe. Nilidhani mama alitania ili ninyamaze. Sasa nina mtoto wangu, na najua hakuwa anatania.