Pasi Iliyokataa Kupoa

Kitu cha kwanza nilichokitambua kwa Mama Nyoosha kilikuwa msonyo wake. Nilikuwa nimehamia chumba kilicho juu ya duka lake la kupiga pasi, na siku nilipomshushia mashati yangu aliyapokea kwa vidole viwili, akayanusa, akasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, ulioanzia kooni ukamalizikia kwenye meno kama tone la maji lililoangukia chuma cha moto. Mtu aliyesimama nje asingejua aliyesonya ni mama au ni pasi.

"Mwanangu," akaniuliza, "shati hili umelifua au umelionyesha maji tu?"

Baadaye nilijifunza kwamba hakusonya ovyo. Alisonya kwa kola chafu, kwa mteja asemaye "nitakulipa kesho" huku akitazama pembeni, na zaidi ya vyote alisonya kwa pipa la shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na bucha katika chumba cha pili cha jengo hilohilo. Marehemu aliacha vyumba viwili vya biashara; mama akabaki na kimoja, kingine akampa shemeji kwa sababu undugu ni kufaana. Nyuma, kwenye kichochoro, ukutani, kulikuwa na sanduku la chuma lenye mita mbili za umeme, ya mama na ya bucha. Chini kabisa ya sanduku hilo shemeji aliweka pipa la mifupa na mafuta, likimsubiri mnunuzi wa mifupa ambaye alikuja akijisikia. Mafuta yalichuruzika pembeni yakaganda yakawa na rangi ya usaha. Nzi walikuwa wengi hata ukifunika pua waliingia kinywani.

"Shemeji, pipa lako linatembea," mama alimwambia siku moja.

"Linatembeaje?"

"Funza wamelibeba."

Shemeji alicheka mpaka tumbo likatikisika chini ya aproni yenye damu. "Hiyo ni harufu ya pesa, shemeji. Vumilia."

Kwa sababu ya pipa hilo, msoma mita wa kampuni ya umeme hakuwahi kulifungua sanduku. Alikuwa akisimamisha pikipiki mdomoni mwa kichochoro, anavuta kola mpaka puani, kisha anapaza sauti: "Mama! Mambo ni kama kawaida?" Mama, akidhani ni salamu, alijibu kutoka dukani: "Kama kawaida, baba, tunashukuru!" Msoma mita akaandika matumizi ya kawaida, akawasha pikipiki. Bucha nayo aliiandikia hivyohivyo. Miaka ikapita kwa mtindo huo, na bili zikaja ndogo, zikalipwa, kila mtu akalala.

Kisha msoma mita akabadilishwa. Huyu mpya alikuja amefunga kitambaa puani, akaruka pipa, akafungua sanduku, akasoma namba alizoziona. Mwezi uleule mama akaletewa bili ambayo aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa, halafu akaniita niisome mimi. Kampuni ilidai malipo ya nyuma: umeme wote ambao, kwa mujibu wa mita yake, alikuwa ametumia bila kulipia. Hata angeuza duka, pasi na meza, deni lingebaki. Mwisho wa barua waliandika kwamba asipolipa watakata umeme.

"Pasi moja hii," alisema, akiielekeza kwangu kana kwamba mimi ndiye hakimu. "Pasi moja na taa moja. Nimepigia pasi mji mzima?"

Nilimsindikiza kwenye ofisi ya kampuni. Tulipanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Afisa wa madai alikuwa kijana nadhifu aliyekuwa akichovya mkate kwenye chai, na makombo yalidondokea karatasi za watu. Aliitazama bili, hakumtazama mama.

"Mita haidanganyi, mama."

"Sijasema inadanganya. Nasema njoo uione."

"Sisi tumeshaiona." Akameza. "Matumizi haya si ya pasi. Labda kuna waya umeupitisha pembeni, unauzia watu. Wizi wa umeme tunaujua, hata wazee siku hizi wanaufanya."

Alilisema kwa sauti, na foleni nzima ikasikia. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akausogeza mkoba wake kifuani. Nilihisi uso ukiniwaka, lakini mama alisonya tu, safari hii taratibu.

"Kola hiyo uliyoivaa, mwanangu, nimeinyoosha mimi jana. Mke wako ndiye aliyeileta. Ungejua ni kola ya wizi ungeivaa?"

Watu wachache walicheka. Afisa akaishika kola yake, akaita mtu mwingine.

Bahati mbaya, matroni wa chuo cha wauguzi alikuwa katika foleni hiyo. Ni yeye aliyempa mama kazi ya kunyoosha majoho ya mahafali, kazi ambayo mama aliitegemea kuliko nyingine zote za mwaka. Jioni alikuja kuyachukua majoho yake, yote, yakiwa bado na mikunjo. "Si kwamba siamini, dada," alisema, akiwa haangalii popote. "Lakini chuo ni chuo. Jambo hili likiisha, nitayarudisha." Mama alimsaidia kuyabeba mpaka mlangoni. Aliporudi alipitisha pasi juu ya meza tupu, mara moja, mara mbili, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

Shemeji alikuja na ushauri. Aliegemea mlango, anajichokoa meno kwa njiti.

"Lipa kidogokidogo, shemeji. Mkono mtupu haulambwi. Na punguza kupiga pasi, unakula umeme sana."

"Wewe bili yako imekujaje?"

"Yangu?" Njiti ikasimama. "Yangu ya kawaida tu. Mungu ni mwema."

Friza zake zilikuwa zikinguruma nyuma ya ukuta alipokuwa akisema hivyo. Niliuona mdomo wa juu wa mama ukiinuka upande, lakini hakusonya.

Siku ya kukata umeme ilifika. Fundi wa kampuni alikuja na koleo, akasoma kibao chenye namba ya mama kwenye sanduku, akaizima mita hiyo na kuifunga kwa waya na lakiri. Mama alikuwa amesimama dukani, mkono juu ya pasi, kama anayemuaga mgonjwa. Alisubiri ipoe. Haikupoa. Kitaa chake chekundu kiliendelea kuwaka, na alipodondosha tone la maji, pasi ikasonya.

Nyuma ya ukuta ngurumo ya friza ilikuwa imekatika.

Shemeji alitoka mbio, kisu mkononi. "We fundi! Umekata umeme wangu!"

"Nimekata wa mama. Soma kibao."

"Kibao nini! Friza zangu zimezima!"

"Basi friza zako zilikuwa zinatumia umeme wa mama," fundi alijibu, akifungasha koleo. "Mimi nimepewa amri ya mita hii. Kuirudisha mpaka deni lilipwe." Akapanda gari, akaenda zake.

Nilifikiri jambo limekwisha pale, maana ukweli ulikuwa unanguruma kwa kunyamaza. Kumbe ofisini, kwenye makaratasi, bucha ilikuwa na umeme na haidaiwi kitu. Shemeji alipokwenda kulalamika aliambiwa arudi nyumbani akawashe swichi. Kesho yake nyama ikaanza kuoza. Maji mekundu yalipita chini ya mlango wa bucha yakaingia kichochoroni, na harufu ikapanda mpaka chumbani kwangu, ikakaa kwenye mto, kwenye mswaki. Wateja wake walivuka barabara. Pipa la mifupa sasa lilinukia kama bustani.

Hapo ndipo shemeji alipokuja akiwa mpole, kofia mkononi.

"Shemeji, hili deni tulilipe pamoja. Wewe nusu, mimi nusu. Warudishe umeme."

"Deni la nani?"

"Si… la familia."

"Ulipopata bili ndogo, na friza zote zile, hukushangaa?"

Alitazama sakafu, akajikuna shingo. Akasema, "Nilishangaa. Nikasema labda ni riziki."

Kwa kweli sijawahi kusikia msonyo kama ule. Ulianza hapo alipokuwa mama, ukapita juu ya kichwa cha shemeji, ukatoka nje. "Ulikaa hapo mlangoni ukaniambia nipunguze pasi," alisema. "Umeniacha niitwe mwizi mbele za watu, na nyama uliyogandishia kwa jina langu ukaniuzia kwa bei ya mtu baki. Nyama yako ina harufu, shemeji, lakini si kama wewe. Nenda ofisini ukaseme kwa mdomo wako. Mimi pasi yangu inawaka."

Alikwenda. Sijui alisema nini, ila mkuu wa ofisi mwenyewe alikuja kichochoroni, akatapika kando ya pipa, kisha akaagiza mita zote mbili zipimwe. Ikaonekana kwamba mafundi wa kampuni, siku walipofunga mita ya bucha, walivibandika vibao kinyume. Deni likahamia kwa shemeji. Mama alisisitiza kulipia umeme uliotumiwa na pasi yake, hakutaka hata senti ya msamaha.

Mkuu akatoa barua ya kuomba radhi. Mama hakuipokea.

"Kijana wako hakuniita mwizi kwa karatasi. Aliniita kwa mdomo, mbele ya watu. Aje alitoe neno lake hapa dukani, mbele ya watu."

Wakakubaliana iwe Jumamosi asubuhi. Matroni ameambiwa, amejibu kwamba atakuwepo, na kwamba majoho yamo kwenye gari, yakisubiri kusikia. Mahafali ni wiki ijayo.

Leo ndiyo Jumamosi. Mama ameamka mapema, amefagia, ameitandika meza shuka jeupe. Pipa limeondolewa, lakini alama yake imebaki chini, duara jeusi linalong'aa, ambalo hata magadi hayakuweza kulitoa. Mama ametoa kiti kimoja cha wageni, akakibeba mwenyewe mpaka kichochoroni, akakiweka katikati ya duara hilo.

"Mama," nikamwambia, "afisa akae hapo?"

"Akae anuse kidogo kwanza. Halafu aingie aseme."

Wateja wamekwishajaa mlangoni. Matroni amefika, yupo ndani ya gari lake, vioo vimefungwa. Pasi imeshika moto. Kila gari likipunguza mwendo, mama anainua kichwa.

"Ni wao?"

"La, ni gari la maji."

Anasonya, anadondosha tone la maji kwenye pasi, anaisikiliza. Kuna jingine linakata kona.