Nilivyoosha kiwanja cha sabuni wakati wa uasi Kisangani, mama mkwe akinihesabia siku

Wakuu, mbote kwenu. Hii si chai, mboga ninayoisimulia niliila mwenyewe.

Ni wakati wa rébellion. Boti hazipandi tena kutoka Kinshasa, sokoni hamna kitu. Mke wangu Mado ana mimba ya kwanza, na mama yake kaja na pirogi, mtumbwi wa kwetu, kutoka Yanonge. Bokilo wangu huyo hana mchezo:

"Nakupa miezi mbili. Kama mutoto yangu hakule mboga hapa, narudi naye."

Kiwanja ninacho, ila baba alipikia sabuni pale miaka mingi, soda kostiki ikimwagika chini. Udongo mgumu, juu unga mweupe. Lengalenga, yaani mchicha, zikichipua tu, zinaungua.

Nikajiambia, chumvi si inaoshwa? Nikamwaga maji pipa kwa pipa mpaka pakawa bwawa. Yakakaa juu siku nne, vyura wakahamia! Mado alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwa na hofu, wakuu, nampenda yule mwanamke.

Bokilo akaja, mikono kiunoni, akanieleza wanavyotoa chumvi kwao, mungwa wanavyoiita.

"Bon, kwetu tunatosha mungwa ndani ya majivu. Ukimwanga maji mingi mara moya, inapita kando, mungwa inabakia. Inafaa itone pole pole. Na hii maji yako itatokea wapi?"

Nilinuna, ila alisema kweli.

Tukachimba mfereji kuelekea bondeni. Mimi nikaongeza langu: pembeni niliona plasta ya dari iliyoanguka kwa mabomu ilikuwa imezungukwa na majani mabichi. Nikaisaga, nikaichanganya na udongo. (Miaka baadaye bwana shamba alinieleza kuwa jasi ya ile plasta inaibandua soda, maji yanaondoka nayo.)

Kopo lenye matundu. Kidogo, tunangoja yazame, tena kidogo. Siku maji ya mferejini yalipoanza kuteleza vidoleni kama sabuni, niliruka: soda inatoka! Tukapanda.

Miezi miwili ikatimia. Bokilo kashafunga mizigo. Mado akamwekea sahani ya lengalenga za kiwanja kile na fufu. Akala, akafuta sahani kwa kidole.

"Alors, pirogi iende. Siye tunabakia."

Siye, wakuu! Alikaa mpaka mjukuu akaanza kutembea, na kila asubuhi alinikosoa ninavyomwagilia.

Nilichojifunza: udongo wa chumvi hauponi kwa maji yanayosimama, unapona kwa yanayopita.

Wenye mashamba ya magadi, nyie mnafanyaje? Na mnaoishi na mama mkwe, leteni mbinu.