Mbiu ya Muflisi

Maswali yameniponza tangu utotoni, lakini siku mume wangu alipotangazwa muflisi, maswali ndiyo yaliyoniokoa.

Tulikuwa tukikaa Kilwa Kivinje. Yeye alichukua nguo kwa mkopo kwa wenye maduka, akazipeleka bara kwa watu waliogema mpira wa porini, nao wakimlipa kwa mpira. Vita vya Maji Maji vilipoingia, njia za bara zikafungwa. Wengine aliokuwa akiwadai walikufa, wengine walikimbia wasirudi, na vijiji tulivyovijua kwa majina vikabaki majivu. Wenye maduka hawakuwa na haja na habari hizo. Walitaka chao, wakaenda kwa kadhi.

Kadhi akatoa mpiga mbiu. Akapita mtaa kwa mtaa akipuliza pembe, akimtaja mume wangu kwa jina lake na la baba yake: "Anayemdai, ajitokeze kwa kadhi siku ya tatu!" Sasa, mbiu ya namna hiyo mjini kwetu tulizoea kuisikia kwa jambo moja tu, mtu akishakufa, kabla urithi haujagawanywa. Muflisi wa kutangazwa hatukuwahi kumwona. Adhuhuri haijaingia, ua wangu umejaa wanawake wa kilio waliojifunga kaniki, mmoja amebeba kibaba cha mtama, na mwaka ule wa njaa kibaba cha mtama kilikuwa kitu. Somo yangu, yule mama aliyenifunda nilipoolewa, aliingia ndani akiomboleza, akamkuta marehemu anakula muhogo.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikalia kweli. Mume wangu alisukuma sahani akatoka kwa mlango wa uani.

Somo alipopata pumzi akaniuliza, "Mwanangu, kama wamemfanyia ya maiti, mahari yako wamekupa?"

"Mahari gani, somo?"

"Mume akifa, mke hulipwa mahari anayodai, ndipo warithi waguse kitu. Wewe uliozwa kwa mahari gani?"

Sikujua. Siku ya ndoa nilikuwa chumbani nimefunikwa gubigubi, baba akaniozesha huko nje mbele ya wanaume, na bibi harusi mwenye adabu haulizi ametolewa nini. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeuliza kila kitu isipokuwa hicho. Baba alikwishafariki. Nilichojua ni kwamba nyumba itauzwa, na jamaa zangu wa Tingi, ambao wangenipokea, vita vimewatawanya.

Siku ya tatu nikaenda kwa kadhi, nikaketi nyuma ya pazia, nikamwamkia, kisha nikaanza kumhoji. Alinieleza kwa subira. Muflisi hawezi tena kuuza kitu wala kumpa mtu. Mali yake huuzwa, na wanaomdai wakagawana, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Yeye huachiwa nguo za mwilini na chakula cha watu wake.

"Na deni likibaki, sheikh, linafutika?"

"Halifutiki. Atasubiriwa mpaka Mungu ampe wasaa."

"Na mahari yangu, sheikh? Ilikuwa nini?"

Kadhi akamgeukia mume wangu.

"Mahari yake ni nyumba ile tunayokaa," alisema. "Sikumwambia."

Wadai wakapiga kelele kwamba mke na mume tumepanga hila. Kadhi akataka mashahidi. Mmoja alikuwa mwalimu wa msikiti, akasema anakumbuka. Wa pili alikuwa palepale: mwenye duka la nguo, ndiye aliyekuwa akidai kuliko wote. Nilichungulia penye upenyo wa pazia. Alikuwa ameinama, anasugua goti lake kwa kiganja. Angeweza kusema amesahau, na nani angemlaumu?

"Nilishuhudia," akasema. "Nyumba ni ya mwanamke." Mpaka leo najiuliza kama mimi ningesema.

Nilirudi nyumbani nachemka kwa hasira. Miaka kumi na mmoja naomba ruhusa ya kwenda kumwangalia jirani mgonjwa, nikitokea kwenye nyumba yangu mwenyewe! Nilipotaka kutoboa dirisha jikoni, aliniambia nyumba yake haitobolewi. Watumishi wa kadhi walikuja wakachukua mizani, kitanda chake na masanduku, wakaniachia vyungu vyangu na mkeka. Nikakaa juu ya mkeka huo nikipanga maneno nitakayomwambia, na yalikuwa mengi.

Baada ya alasiri nikasikia mtu mlangoni. Hakuusukuma mlango kama alivyozoea. Alisimama nje.

"Hodi," akasema mume wangu.

Nilinyamaza makusudi. Akabisha tena, safari hii kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyejua kama atakaribishwa. Maneno yangu yote yakanitoka kichwani. Nikainuka nikafungua mwenyewe, maana sikutaka majirani wamsikie akibisha mara ya tatu.