Para Si Kipara

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwalimu wa Kifaransa, katika sekondari moja ya Sigalame, niliingia darasani na mwavuli. Nilianza na imla: mwalimu anatamka, wanafunzi wanaandika. Nikaufungua mwavuli, nikatamka, "Parapluie." Nikawaambia pluie ni mvua, wanitafutie maana ya para, kile kipande cha mbele.

Msichana mmoja akainua mkono. "Madam, ni kipara ya mvua?"

Darasa zima likavunjika mbavu. Kumbe Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni, na kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja.

Ofisini hakunikaribisha kiti. "Madam, watoto wa hapa ni wa kulima na kuvua. Hii French yako ni ya kucheka wazee? Uombe msamaha, ama natoa hiyo somo kwa ratiba leo."

Hasira ilinizidi. "Kwa kicheko naomba radhi, Mwalimu. Kwa neno siombi. Para ni kukinga, imetoka kwa Waitaliano. Kwanza kulikuwa na parasol, kinga jua. Baadaye Wafaransa wakaondoa jua, wakaweka mvua. Hata sisi, mwavuli umetokana na kivuli. Wote tulianza kwa kukimbia jua."

"Na huyo msichana anajua hayo?"

"Hajui. Umenitoa darasani kabla sijamweleza."

Akajipapasa kichwa. "Basi rudi umalize."

Nikamaliza, na kwa miaka mingi nikaendelea, katika shule za Namboboto kisha Malaba. Kila mkuu mpya aliniuliza Kifaransa ni cha nini mpakani, nami nikamwonyesha malori ya Kongo barabarani. Wa mwisho alikuwa kijana, alinivumilia tu. Nilipostaafu alilifuta somo kabla ya muhula kwisha. Iliniuma, sitaficha.

Lakini sikunyamaza. Siku za soko hapa Malaba nafundisha akina mama wanaouzia Wakongo nguo na nyanya. Juzi mvua ilitunyeshea katikati ya somo, nikafungua mwavuli wangu, na yule mkuu kijana akaja mbio, shati limelowa.

"Madam, nisaidie mwavuli kidogo!"

"Karibu. Lakini kwanza uite jina lake."

Akacheka, akidhani ni utani. Sikusogea. Mama wa nyanya akamhurumia. "Boss, sema tu parapluie. Para ni kukinga, pluie ni mvua. Si ngumu."

Mvua ikazidi. Akainamisha kichwa, akalitamka polepole, silabi zote.

Ndipo nikamsogezea nusu.