Siku Niliyojifanya Kigingi

Mtu mzima kufungwa kamba na watoto wake wa shule, mchana kweupe, ufukweni Matema, si jambo la kujisifia, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko sokoni, maana huko nasikia limeshaota mkia.

Mnajua mimi ni mtu wa Ngonga, wa mpunga, niliyeletwa na misheni kufundisha watoto wa Wakisi, na kwamba watu wazima wa hapa walinipa salamu ya "Ugonile" tu wakapita. Walioongea nami ni watoto. (Nao wachache, kwa kuwa mama zao waliamini shule ni mtego wa boma, leo mtoto anaandikwa jina, kesho anabebeshwa mizigo ya Wadachi. Siwalaumu.)

Tulikuwa tukicheza maumbo. Tulifunga matete, tukaona mraba ukiusukuma unalala, pembetatu inakataa, watoto wakasema pembetatu ina kiburi. Siku ya duara nikaazima kamba ya mtumbwi kwa Mama Tupokigwe, mfinyanzi, ambaye binti yake ni mwanafunzi wangu. Lakini mchanga ulikuwa mkavu, kila kigingi tulichochomeka katikati kikivutwa kinang'oka, basi nikajifunga kamba kiunoni nikasema, "Kigingi ni mimi, na kigingi hakigeuki. Zungukeni!"

Wakashika ncha ya pili na kijiti cha kuchorea, wakazunguka wakiimba, nami wima, mikono ubavuni, nimefurahi (niseme kweli) kuwa katikati ya watu. Mstari ulipozunguka haukukutana na mwanzo wake. Nikadhani Tupokigwe, aliyeshika ncha, amelegea.

"Kaza kamba!"

Akakaza. Kumbe kila wakizunguka kamba inajiviringisha mwilini mwangu na kufupika, ikapanda hadi kifuani, mikono ikiwa ndani, na mchangani pakachoreka konokono mkubwa badala ya duara.

"Mwalimu, tusimame?"

"Bado!"

Nikaanguka kifudifudi.

Hapo hapo wanawake wakatokea na vyungu vichwani, na nyuma yao, kwa bahati mbaya yangu, askari wa boma (naye, kwa haki, alikuwa akitafuta maji ya kunywa tu).

"Mwalimu kakamatwa! Chukueni watoto!" wanawake wakapiga yowe.

Vyungu vikaanguka, watoto wakabebwa mbiombio kuelekea milimani, hata askari akakimbia, sijui yeye alidhani nini.

Nikabaki na mawimbi. Kwanza nilicheka. Halafu nikaita jina la kila mtoto, na hakuna aliyeitika. Jua limeshapoa ndipo Mama Tupokigwe aliporudi.

"Nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, mama. Nilikuwa nafundisha duara."

"Tulia basi. Nataka kamba yangu."

Akanifungua, nikamwambia ndaga, asante. Akaikunja kamba, akaenda zake. (Chungu chake kilivunjika kwa ajili yangu.)

Darasa likawa tupu, nikawa nafuta ubao usio na kitu. Kisha asubuhi moja nikasikia wimbo: watoto, hata wasiowahi kuja shule, wanacheza mchezo walioupa jina Kumfunga Mwalimu. Walikuwa wamefukia gogo la mgomba kwa kina, wakalivalisha kitanzi kilegevu cha kamba ili kizunguke nao. Mstari ukakutana na mwanzo wake, safi kabisa.

Nimeapa, kigingi sitakuwa tena, nitachimba kwanza. Nilisimama mlangoni nikingoja waniite, lakini duara lilikuwa limeshafunga, nami niko nje yake.