Jogoo Niliyemfuata Alief

Mimi ndiye yule Sanga wa Richardson, yule wa jogoo, na kama umeshasikia habari zangu kwa watu wengine basi umesikia nusu tu, tena ile nusu ya kuchekesha, kwa hiyo acha nikusimulie mwenyewe nzima nzima, maana mtu akishaumbuka mbele ya Watanzania wenzake waliovaa vizuri kuja kumtazama, hana tena cha kuficha.

Chanzo ni wivu. Sitazunguka.

Mimi ni mtu wa Makete, kule juu Njombe, ambako asubuhi majani yamevaa sakitu na mchana kweupe mtu anatoa moshi mdomoni. Rafiki yangu Hamisi ni mtu wa Tanga. Wote wawili tulikuwa tunafuga kuku nyuma ya nyumba, mimi Richardson, yeye Arlington, miji ya pembeni mwa Dallas huku Texas, na baridi ile ya mwanzo wa 2018 ilipotushukia (watu wanadhani Texas ni joto tu, waje Januari waone), maji ya kuku yakaganda yakawa jiwe, na kuku wangu weupe, warembo, wenye panga ndefu nyekundu kichwani, wakaungua zile panga kwa baridi zikawa nyeusi kama zimepitishwa kwenye mkaa, na kutaga wakaacha kabisa. Kuku wa Hamisi wakaendelea kutaga kama vile hakuna kilichotokea.

Wala siri yake hakuificha. Kila mwaka alikuwa anabakiza tu wale waliotaga wakati wa baridi, wenye upanga mdogo uliolala kichwani na manyoya mpaka miguuni kama wamevaa soksi, hao ndio anawapandisha, na waliobaki wanaishia kwenye pilau. "Baridi inakamata kilichochomoza, Bwana Sanga," aliniambia, "na wako wamechomoza sana." Akasema kwa upole, ndiyo ikaniuma zaidi. Mtu wa Tanga, aliyevaa sweta kwa mara ya kwanza ukubwani, ananifundisha mimi habari za baridi!

Hata hayo ningeyameza, tatizo ni mke wangu, Stella. Hamisi kila akipita kwetu anatuletea mayai, na Stella kila akivunja yai kwenye kikaango ananiita jikoni. "Baba Doreen, hebu njoo uone kiini hiki. Hebu ona rangi." Naenda, naona, ni kizuri kweli, nasema sina njaa.

Basi wikendi moja tukaalikwa nyama choma kwa jamaa mmoja Arlington, na mazungumzo, badala ya kuwa siasa kama watu wenye akili zao, yakawa kuku wa Hamisi, na Stella akasema mbele ya wote, "Huyu shemeji ana mkono wa mifugo, amejaliwa," Hamisi akajibu utani fulani, na mke wangu akacheka mpaka machozi, kicheko ambacho mimi nyumbani sijakipata kwa muda mrefu. Ndipo nikafungua mdomo.

"Hata mimi nina mbegu yangu ya baridi," nikasema. "Nimeipandisha mwenyewe, kimya kimya."

Stella aligeuka polepole akanitazama.

"Mbegu ipi tena, Bwana Sanga?" Hamisi akauliza, na nakuapia alikuwa amefurahi kwa dhati. "Lini tutaiona?"

"Jumamosi ijayo. Njooni wote," nikasema, na sijui shetani gani akanisukuma nikaongeza, "na chakula kitakuwepo."

Kwenye gari Stella akaniuliza mbegu iko wapi, maana anayefagia banda ni yeye. Nikamwambia iko njiani.

Nikatafuta kwa simu, nikapiga huku na kule, mpaka mtu akanielekeza kwa mzee mmoja Mkongo anayeuza kuku Alief, Houston, nami siku ya mapumziko nika-drive mpaka huko, saa nne nzima barabarani, Stella nimemuaga kwamba kuna mkutano wa kazi. Mzee akanitolea jogoo ambaye, jamani, nilikaribia kumsalimia shikamoo: mkubwa, mwekundu kama udongo wa kwetu, kifua kipana, upanga umelala, soksi mpaka kwenye kucha.

"Iyi jogoo iko nguvu, ndugu yangu," mzee akasema. "Baridi haimufanye kitu. Rafiki yangu moja wa kule Dallas ndiye ali..."

Nikamkatiza. Sikutaka historia, nilitaka jogoo. (Hapo ndipo ningepona, kwa kusikiliza sentensi moja tu hadi mwisho.)

Safari ya kurudi jogoo alitoboa boksi nililomtia, akapanda kiti cha mbele, akatazama barabara kwa heshima zote kama abiria aliyelipa nauli. Nilimpenda. Nikampa jina la Mkwawa, na Stella nikamwambia alitotolewa hapa, akakulia kwa mfanyakazi mwenzangu.

Jumamosi wakaja watu kuliko niliowaalika. Kulikuwa na baridi ya upepo, nikawapanga uani na vikombe vya chai, nikasimama mbele ya banda, nikaanza kutoa somo: jinsi nilivyochagua mitetea, jinsi babu yake huyu jogoo alivyokuwa hatari, jinsi siku za barafu alivyokuwa analala juu ya uzio kwa hiari yake. Watu wanatikisa vichwa kukubali. Hata Stella alianza kunitazama kwa macho fulani nikajisikia nimerefuka. Nikafungua mlango wa banda.

Mkwawa akatoka, akakunguta mabawa, akatazama umati. Kisha akakimbia. Hakukimbia ovyo, alipita katikati ya miguu ya watu moja kwa moja mpaka kwa Hamisi, akajigonga kwenye suruali yake, akaruka, akatua mkononi mwake kama amefika kwao.

Binti yangu Doreen, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hajibu kwacho, akasema kwa sauti ya darasani, "Daddy, he likes Uncle Hamisi better."

"Si Bosi huyu?" akauliza Mwanaidi, mke wa Hamisi. "Hamisi, si Bosi wetu?"

"Kuku wanafanana, mke wangu," Hamisi akajibu haraka, macho chini. Alikuwa ananisitiri. Mimi, badala ya kushukuru, nikapandwa na hasira kwamba mpaka sitara nayo inatoka kwake.

"Huyu nimemtotoa mimi!" nikasema. "Hapa hapa!"

"Basi tazameni mguu wa kushoto," Mwanaidi akasema, "kidole cha nje hakina ukucha. Ulikatwa na mlango wa banda letu."

Nikamvuta jogoo ili nimalize ubishi, naye akanipiga bawa la uso, nikarudi nyuma, nikakanyaga ukingo wa beseni la maji ya kuku, nikakaa ndani yake, mzima mzima, mwezi wa pili. Na pale nilipo nikauona ule mguu wa kushoto umening'inia mbele ya pua yangu. Ukucha haukuwepo.

Mama mmoja nyuma akanong'ona, lakini kwa mnong'ono wa kusikika, "Kumbe amemuiba?"

Hebu fikiria. Nimekaa kwenye maji ya barafu, nachagua kati ya kuwa mwizi na kuwa mwongo. Nikachagua kuwa mwongo. "Nimemnunua," nikasema. "Alief. Kwa mzee Mkongo."

Mwanaidi akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. Hamisi akaeleza taratibu, kama daktari anayetoa majibu mabaya, kwamba yule mzee ni rafiki yake, na ni yeye Hamisi aliyempa mzee huyo jogoo, kwa sababu Bosi ameshazeeka, mayai ya mitetea wake hayatotoi tena, na alimpelekea kwa ajili ya mchuzi.

"Yaani," akasema Stella, na sauti yake naisikia mpaka leo, "mkutano wa kazi ulikuwa kwenda Houston kununua supu?"

Uani kwangu kulilipuka kicheko. Hata mimi, niamini usiniamini, meno yakigongana, nilicheka, maana kulia kungekuwa ni kuongeza maji kwenye beseni. Hamisi akanipa mkono akaniinua, akanivua koti langu akanivisha lake.

Jioni ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja, Hamisi na Mwanaidi waliondoka naye. Bosi alikaa mapajani kwa Mwanaidi kwenye kiti cha mbele, nikapunga mkono mpaka gari likakata kona, na huyo jogoo niliyemfuata Houston hakugeuka hata mara moja kunitazama.

Baadaye Hamisi alinipa tetea wawili na jogoo kijana, na kutoka kwao kuku wangu sasa wanataga mpaka Januari. Wivu? Upo, sitakudanganya. Nikimsikia Stella anacheka utani wa Hamisi bado kifua kinanibana. Ila nimeapa: wivu ukinipanda, nitauacha unichome humo humo ndani, na mdomo wangu nitauziba kwa nyama, kwa chai, kwa chochote kilicho karibu.